Amefika Akiwa Amefariki: Historia Fupi ya Daftari na Uhai, kutoka Bonga

Kuna sentensi ya maneno matatu ambayo hufunga mjadala wowote katika mapokezi ya hospitali zetu: "Amefika akiwa amefariki." Ikishaandikwa, hakuna anayeulizwa jambo. Ndugu huelekezwa chumba cha maiti, dereva wa gari lililomleta hurudi barabarani, na karani hufungua mstari mpya.

Nilikutana na sentensi hiyo nilipokwenda msibani Bonga. Kwa msomaji asiyepafahamu, Bonga ni kata ya Mji wa Babati, upande wa kusini, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dodoma na Kondoa hukaribia mji. Ni barabara ile ambayo Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, wakiota kuunganisha Cape Town na Cairo. Lami ya kuunganisha Dodoma na Babati ilikamilika mwaka 2018, ikaleta mabasi ya usiku, malori ya mahindi na mwendo kasi. Kutoka Bonga hadi Babati mjini ni kilomita zipatazo 20. Kwa gari zima ni muda mfupi. Kwa moyo uliosimama ni umbali usiovukika, isipokuwa kama mtu fulani atafanya kitu fulani pale pale alipoangukia mgonjwa.

Marehemu tuliyemzika alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mjomba wa rafiki yangu. Alianguka mchana kando ya barabara akiwa anazungumza na wenzake. Watu walimpepea, wakammwagia maji, mmoja akakimbia kutafuta gari. Hakuna aliyemkandamiza kifua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa. Gari lilipopatikana, alipelekwa katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Baada ya maziko rafiki yangu alihitaji karatasi za mirathi, nami nikamsindikiza. Tulionyeshwa mstari wa marehemu katika daftari: jina, umri, jinsia, kijiji, kisha ile sentensi ya maneno matatu. Safu ya saa ilikuwa tupu. Safu ya sababu ilikuwa tupu. Rafiki yangu aliuliza swali jepesi: "Alianguka saa ngapi, na alifika saa ngapi?" Muuguzi, mama mwenye huruma na uchovu mwingi, alijibu kwa upole: "Mwanangu, hilo hatuliandiki."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini hatuliandiki. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kihistoria, kwa sababu naamini daftari si kazi ya karani peke yake. Kuamua ni nani ahesabiwe, kwa safu zipi, na kwa ajili ya nani, ni uamuzi wa kisiasa kama ulivyo uamuzi wa kupitisha bajeti.

Mkono wa serikali unaohesabu

Dola katika nchi hii imejua kuhesabu watu kwa muda mrefu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, walihitaji kujua nyumba ni ngapi. Waingereza walipoendeleza kodi ya kichwa, walihitaji kujua vichwa. Orodha zile ziliandikwa ili kutoza na kuajiri vibarua. Mwafrika aliingia katika maandishi ya serikali kama mlipaji kabla hajaingia kama mgonjwa.

Uhuru ulibadili nia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mkazo wa afya vijijini katika miaka ya 1970, zahanati na vituo vya afya vilienea, na kila kimoja kilikuwa na daftari. Hata hivyo daftari lile lilikuwa la kupeleka hesabu juu: wangapi wamekuja, dawa ngapi zimetumika, watoto wangapi wamechanjwa. Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao sote tunauita MTUHA, ulioanzishwa katika miaka ya 1990, ulileta mpangilio mmoja nchi nzima. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na nawaheshimu waliolibeba. Lakini muulize mganga yeyote wa zahanati kuhusu MTUHA: atakuambia tarehe ya kupeleka ripoti wilayani kwa haraka kuliko atakavyokuambia ni lini ripoti ilirudi kwake ikiwa na somo.

Kulikuwa na majaribio yaliyokwenda kinyume na desturi hiyo, nayo yanapaswa kukumbukwa. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya na washirika wake waliendesha mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Watafiti walikwenda nyumbani kwa wafiwa, wakauliza kwa staha jinsi marehemu alivyougua, na kutokana na majibu wakakadiria sababu ya kifo. Kwa njia hiyo ilibainika jambo ambalo hospitali peke yake isingelibaini: viwango vya vifo vya kiharusi miongoni mwa watu wazima nchini vilikuwa juu kuliko vya Uingereza na Wales. Ugonjwa tuliodhani ni wa mataifa tajiri ulikuwa tayari umekaa barazani kwetu, lakini wagonjwa wake walikuwa wakifia nyumbani, nje ya daftari.

Jaribio la pili lilifanyika Rufiji na Morogoro Vijijini, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, chini ya mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Wakuu wa afya wa wilaya walipewa picha ya magonjwa yanayoua watu wao, kisha wakalinganisha na matumizi ya fedha. Mfano uliovuma ni wa malaria Morogoro: ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipata asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya 1996. Wakabadili mgawanyo. Fedha za nyongeza hazikuwa nyingi, ila zilifuata hesabu. Katika kipindi cha miaka mitano iliyoishia 2003, vifo vya watoto katika wilaya zile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Kwa mtumishi wa umma anayesoma makala haya, naomba atue hapo kidogo. Wilaya mbili za Tanzania, zisizo na utajiri wowote wa pekee, ziliwahi kuthibitisha kwamba daftari linalosomwa na mwenye mamlaka ya kugawa fedha huokoa watoto.

Karakana ya wanasesere na nyumba ya watawa

Sasa turudi kwenye moyo. Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaolisha moyo unapoziba. Mgonjwa anaweza kuwa macho, akitokwa jasho na kulalamika maumivu. Moyo kusimama ni pale unapoacha kabisa kusukuma damu. Mtu huanguka, haitiki, na hapumui kama kawaida. La kwanza linaweza kusababisha la pili, lakini la pili lina visababishi vingine vingi: kupoteza damu katika ajali, kuzama majini, kukosa hewa, umeme, sumu. Bila damu, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache.

Mwaka 1960, William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, pamoja na wenzake James Jude na Guy Knickerbocker, walichapisha taarifa kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono, bila kupasua. Mwaka huohuo, katika mji wa Stavanger nchini Norway, mtengenezaji wa wanasesere aitwaye Åsmund Lærdal alitengeneza mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu, ili watu wa kawaida wajifunzie juu yake. Hivyo elimu ya kuokoa ikatoka mikononi mwa madaktari, ikaenda kwa zimamoto, walimu na wanafunzi.

Miaka 30 baadaye kulikuwa na tatizo la aibu. Miji mbalimbali ilitangaza matokeo yake, na hayakuweza kulinganishwa. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1990 ulikusanya taarifa za maeneo 29 na kukuta kwamba waliopona hadi kutoka hospitalini walikuwa kati ya asilimia 2 na asilimia 25. Je, mji mmoja ulikuwa hodari mara kumi na mbili kuliko mwingine? Sehemu ya jibu ilikuwa katika kuhesabu. Mwingine alihesabu kila aliyeanguka. Mwingine alihesabu tu wale ambao mtu aliwaona wakianguka. Mwingine aliacha nje waliofika hospitalini wakiwa wamekufa. Ukichagua wa kuhesabu, umechagua jibu.

Juni 1990, wataalamu kutoka Ulaya na Amerika walikutana katika nyumba ya kale ya watawa iitwayo Utstein, kwenye kisiwa karibu na Stavanger, ili wakubaliane lugha moja. Mwongozo uliotoka mwaka uliofuata umebeba jina la mahali hapo hadi leo. Ukiusoma unashangazwa na unyenyekevu wa maswali yake. Mgonjwa alianguka saa ngapi? Kuna aliyemwona? Kuna aliyemkandamiza kifua kabla wahudumu hawajafika? Wito wa msaada ulipigwa saa ngapi? Moyo ulikuwa katika hali gani ulipopimwa mara ya kwanza? Mashine ya kuushtua ilitumika saa ngapi? Aliondoka hospitalini akiwa hai? Ni maswali yaleyale ya rafiki yangu pale dirishani.

Majibu ya maswali hayo yalipokusanywa mwaka baada ya mwaka, yalianza kufanya kazi. Denmark iliwasajili wagonjwa wake wa nje ya hospitali kitaifa kuanzia mwaka 2001. Daftari lilionyesha wazi kwamba ni mmoja tu kati ya watano aliyesaidiwa na watu waliokuwa karibu. Nchi ile ikaingiza mafunzo katika shule za msingi mwaka 2005 na kwa waombaji wa leseni ya udereva mwaka 2006. Kufikia 2010, waliosaidiwa na watu wa karibu walikuwa karibu asilimia 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Wasomaji makini watasema kwamba hatua nyingine pia zilichukuliwa katika miaka hiyo, nao watakuwa sahihi. Hata hivyo bila daftari, Denmark isingejua kwamba tatizo lake kubwa liko barabarani na sebuleni kabla ya kufika wodini.

Haydom: saa mkononi katika chumba cha kujifungulia

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Ulaya. Basi twende Haydom, ndani ya mkoa wetu wenyewe wa Manyara.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955 na misheni ya Wanorwe katika nyanda za juu za Mbulu. Kupitia uhusiano huo wa Norway, mwaka 2009 watafiti wa Haydom na wenzao wa Stavanger walianza kazi ambayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa sura muhimu katika historia ya huduma za dharura nchini. Hawakuanza na mzee aliyeanguka barabarani. Walianza na mtoto anayezaliwa bila kupumua, ambaye naye ni mgonjwa wa dharura aliye dakika chache tu kutoka mautini.

Waliweka waangalizi waliofunzwa katika chumba cha kujifungulia, usiku na mchana, wenye kazi moja: kuandika kilichotendeka na saa kilipotendeka. Kutokana na kumbukumbu za watoto zaidi ya 5,800, walionyesha kwamba kwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16. Hakuna mkunga aliyekuwa hajui kwamba haraka ni muhimu. Daftari liliwaambia haraka kiasi gani.

Wakati huohuo Wizara ya Afya ilikuwa ikijaribu katika hospitali nane mafunzo mapya ya kumsaidia mtoto kupumua, na kwa jumla matokeo yalikuwa mazuri sana: taarifa iliyochapishwa mwaka 2013, ikiongozwa na Dk. Georgina Msemo, ilionyesha vifo vya watoto wachanga wa siku za mwanzo vikipungua kwa asilimia 47. Waliozaliwa wafu nao walipungua kwa asilimia 24, na hapa pana jambo la kutafakari. Mafunzo ya kupuliza hewa hayawezi kumfufua mtoto aliyefia tumboni siku nyingi kabla. Maelezo ya karibu ni kwamba baadhi ya watoto walioandikwa "amezaliwa mfu" walikuwa bado na moyo unaodunda. Hawakupumua, hawakulia, nao wakawekwa kando, na daftari likathibitisha kilichoaminiwa. Watoto wale walikuwa na sentensi yao, ndugu pacha wa ile ya Bonga.

Haydom yenyewe iligundua jambo chungu. Baada ya mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wahudumu walifanya vizuri zaidi juu ya mwanasesere, lakini kumbukumbu za waangalizi zilionyesha kwamba utendaji kwa watoto halisi haukubadilika. Hebu fikiria mradi wa kawaida wa nchi hii ungefanya nini: ungeandika kwamba wahudumu kadhaa wamefunzwa, ungebandika picha za vyeti, ungefunga hesabu. Haydom hawakuweza kufanya hivyo kwa sababu daftari lilikuwa linawatazama. Wakabadili njia: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha kujifungulia. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kama alivyoandika mtafiti wa hospitali hiyo Estomih Mduma na wenzake.

Kazi hiyo ilikua ikawa mpango wa hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Walitumia vifaa vipya, kimojawapo cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni kikiitwa kwa Kiswahili Moyo. Lakini kiini kilikuwa kilekile: taarifa za kituo zilirudishwa kwa wakunga wa kituo hichohicho, nao wakachagua la kufanyia mazoezi kulingana na walichokiona katika takwimu zao. Matokeo ya takribani vizazi 300,000 yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Kwa hiyo, pale dirishani tulipoambiwa "hatuliandiki", mkoa wetu ulikuwa tayari umeandika. Ujuzi wa kuhesabu sekunde upo Manyara. Haujavuka mlango wa wodi ya wazazi kwenda mapokezi.

Daftari haliponyi mtu

Napenda kuwa mkweli kwa wanaharakati wenzangu, kwa kuwa tuna desturi ya kuipenda takwimu kama tunavyolipenda tamko. Daftari peke yake haliponyi. Idara ya kwanza ya umma ya tiba ya dharura yenye uwezo kamili ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Januari 2010, na karibu wakati huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Maana yake ni kwamba kwa karibu nusu karne ya uhuru hatukuwa na daktari aliyesomea hapa nchini ubingwa wa kumpokea mtu anayekufa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021, takriban shilingi trilioni 1.3, zilijenga, pamoja na mengine, majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika mikoa na halmashauri kadhaa. Haya ni maendeleo ya kweli.

Hata hivyo jengo lina mlango, na moyo husimama nje ya mlango. Nani anamfikisha mgonjwa? Kwa mama mjamzito na mtoto mchanga tuna mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambapo simu ya bure kwa namba 115 humpata mratibu, naye hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mfumo huo unaandika saa ya wito na saa ya kufika. Tena ni mama na mtoto waliotangulia, na hilo ni haki. Lakini yule mzee wa Bonga hakuwa na namba ya kupiga, na aliyekwenda kutafuta gari alikuwa akisimamisha magari kwa mikono.

Mwezi Mei 2019, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zijenge mifumo ya huduma za dharura, pamoja na kukusanya taarifa zake kwa mpangilio. Tanzania haikubaki nyuma katika hilo: madaktari wetu wa dharura wamejaribu rejesta ya majeruhi katika hospitali za rufaa za mikoa, kwa kutumia orodha ya chini ya taarifa iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Walikuta kwamba faili za kawaida zilikosa mambo ya msingi kuhusu jeraha na hali ya mgonjwa, na kwamba fomu moja iliyopangwa vizuri, ambayo ndiyo hiyohiyo kumbukumbu ya tiba, huziba sehemu kubwa ya pengo. Muhimu ni neno "hiyohiyo". Muuguzi asiongezewe daftari la kumi na tatu.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza husema: waliosimama moyo wengi wao hawaponi hata Ulaya, kwa nini tutumie karatasi kwa ajili ya waliokwisha kufa? Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba rejesta ya waliosimama moyo huonyesha mnyororo mzima kabla ya kifo. Ikiwa Manyara itagundua kwamba wengi wanaofika wakiwa wamefariki ni vijana wa bodaboda waliovuja damu, dawa ni kuwafundisha watu wa kando ya barabara kuzuia damu na kuhimiza kofia ngumu. Ikiwa ni waliozama katika Ziwa Babati, dawa ni nyingine. Ikiwa ni wazee wenye shinikizo la damu lisilotibiwa, dawa iko katika zahanati miaka kumi kabla ya kuanguka. Leo wote hawa ni sentensi moja.

Hoja ya pili ni ya hofu: daftari litatumika kuwakamata wauguzi. Hofu hii ina historia. Katika utumishi wetu, takwimu mbaya mara nyingi huitwa uzembe, na anayeandika ukweli hujiandikia barua ya kujieleza. Matokeo yake ni takwimu safi na makaburi mengi. Waangalizi wa Haydom waliweza kuandika kuchelewa kwa sekunde kwa kuwa sekunde zile zilirudi kama mazoezi badala ya adhabu. Mganga mkuu wa mkoa anayetaka rejesta ya kweli ni lazima kwanza aahidi hadharani, kisha atimize, kwamba mstari mmoja hautamfukuzisha mtu kazi.

Hoja ya tatu ni ya faragha. Kifo cha mtu ni siri ya familia, na mji wa Babati si mkubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaiweka taarifa ya afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Rejesta haihitaji majina katika meza ya takwimu. Inahitaji saa, mahali, na kilichotendeka.

Hoja ya nne ni yangu mwenyewe, nayo inanisumbua zaidi. Karibu kila jaribio nililolitaja lilibebwa na fedha za nje: Uingereza, Kanada, Norway. Mradi ukiisha, mwangalizi hurudi nyumbani na saa yake. Taifa linalomwachia mgeni kazi ya kuhesabu wafu wake limemwachia pia sehemu ya uamuzi wa nani aishi. Mshahara wa karani wa takwimu katika hospitali ya mkoa ni mdogo ukilinganisha na gari moja la msafara. Usipokuwemo katika bajeti ya halmashauri, tusijidanganye kwamba tuna mfumo.

Linalowezekana

Sipendekezi jambo la kuanzia Dodoma kwa waraka. Napendekeza lianzie Babati. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara na vituo vilivyo kando ya barabara kuu, Bonga ikiwemo, vinaweza kukubaliana kwa maandishi kufuta sentensi ya "amefika akiwa amefariki" kama jibu kamili, na kuifanya kuwa mwanzo wa maswali machache: alianguka saa ngapi, wapi, nani alimwona, nani alimgusa kifua, nani aliitwa, alifikaje, na ndugu wanasema aliugua nini. Anayejibu ni ndugu au dereva aliyemleta, kwa staha, kabla hajaondoka. Kila mwezi majibu yasomwe mbele ya wahudumu, na kila robo mwaka mbele ya madiwani. Mabalozi wa nyumba kumi, ambao wanajua nani amelala bila kuamka katika mtaa wao, wanaweza kuziba pengo la wale wasiofikishwa kabisa.

Na wanafunzi wangu wasomao haya: nyinyi mnajua kukusanya takwimu kwa ajili ya tasnifu zinazokaa kabatini. Nendeni likizo mkawafundishe waendesha bodaboda wa vijiwe vya nyumbani kwenu kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Halafu andikeni mliowafundisha, na rudini mwakani mkaulize nani alikumbuka.

Rafiki yangu alipata karatasi zake za mirathi baada ya safari nne. Katika nafasi ya sababu ya kifo, aliniambia, waliandika: "Moyo kusimama." Ni kweli, na haielezi kitu, kwa kuwa kila aliyekufa tangu Adamu moyo wake ulisimama. Alichotaka kujua ni kama kulikuwa na dakika ambayo mtu yeyote kati yetu angeweza kuitumia. Dakika hiyo pengine ilikuwepo, kando ya lami ya Bonga, mchana, mbele ya watu. Haimo katika daftari lolote la Jamhuri.